Baba amefariki katikati ya muhula: nianzie mlango upi?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 22, nasoma mwaka wa pili katika chuo kimojawapo hapa Mwanza, kwetu ni Ukerewe. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, amefariki wiki saba zilizopita. Nilikwenda kuzika nikakaa wiki mbili. Bumu lote, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, liliishia msibani kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Niliporudi nikakuta majaribio matatu yameshapita. Tangu hapo darasani naenda kwa kujilazimisha, usiku mwingine sipati usingizi, siku nyingine nalala geto hadi saa saba mchana. Kuna wakati natamani tu nilale nisiamke. Nasikia chuoni kuna ofisi za kusaidia wanafunzi wenye matatizo, lakini wenzangu wanasema ukienda huko unaandikwa kwenye faili. Je, kuna msaada wa kweli? Niahirishe mwaka au nivumilie? (Kijana wa Mkolani)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba, na pole kwa kubebeshwa ukubwa kabla machozi hayajakauka.

Umeuliza mambo matatu, ila kuna la nne umelipitisha katikati kimyakimya, kama mtu anayekatiza mbele ya wakwe huku ameinama. Umesema kuna wakati unatamani ulale usiamke. Naanza na hilo. Watu wengi waliofiwa hupitiwa na wazo kama hilo, na mara nyingi maana yake ni kwamba wamechoka kuumia. Lakini si mara zote, na mimi siwezi kukupima kwa kusoma barua. Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, vilevile ambavyo ningekuuliza kama tungekuwa tumekaa ofisini kwangu: umewahi kufikiria kujiua? Swali hili halimpandikizii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Humpa nafasi ya kulitua. Kama jibu ni ndiyo, au likija kuwa ndiyo usiku wowote, usilale peke yako. Mgongee jirani wa chumba cha pili, mwambie maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, kisha mwende pamoja kitengo cha dharura, hospitali ya Bugando au Sekou Toure. Huko usiku na mchana kuna watu. Ukitaka kwanza kuongea na mhudumu wa afya kwa simu, piga 199, namba ya Wizara ya Afya, haikuli salio. Hata kama jibu lako ni hapana, mchague mtu mmoja leo hii na umweleze. Haihitaji awe mtaalamu. Awe tu mtu atakayekugongea mlango saa nne asubuhi asipokuona.

Sasa hilo faili.

Nimefanya kazi ya unasihi vyuoni kwa miaka mingi, na hofu ya faili naijua ilikotoka. Kwa Watanzania wengi maneno "ushauri nasaha" yaliingia masikioni pamoja na kupima virusi vya UKIMWI. Enzi za mabango ya Angaza, vile vituo vya kupima virusi, aliyeonekana anaingia mlango wa ushauri nasaha mtaa mzima ulishajua kafuata nini, au ulijidai kujua. Chuo kimoja nilichofanyia kazi kilikuwa na kibao hichohicho mlangoni, na benchi la kusubiria likatazamana na foleni ya wanafunzi wanaofuatilia mikopo. Mwezi mzima ukipita nimepata wateja wachache, na wengi wao waliingia kinyumenyume wakijifanya wamekosea mlango. Nikaomba benchi lihamishiwe upande wa nyuma. Shida za wanafunzi hazikuongezeka mwezi uliofuata, ila watu waliokuja kuzisema waliongezeka.

Kwa hiyo elewa kuna makabati mawili. Kabati la kwanza ni la taaluma: usajili wako, matokeo, barua ulizoandika na majibu yake. La pili ni la mnasihi, na linafungwa kwa ufunguo wa mnasihi. Utakayoyaongea kwake hayaendi kwa mwalimu wako wala kwa mama yako, na hayachapwi kwenye hati ya matokeo. Siri hiyo ina mipaka, na mnasihi mzuri atakutajia siku ya kwanza kabla hujafungua mdomo: kama maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, au mahakama ikiagiza. Asipokutajia, muulize wewe. Na kama unachotaka ni waalimu wajue umefiwa ila wasijue kwamba huwezi kulala, sema hivyohivyo. Mnasihi anaweza kukuandikia barua inayosema tu kwamba anakuhudumia na kwamba anaunga mkono ombi lako.

Lakini sitakutuma kwa mnasihi kwanza. Wenzangu wa fani hii watanishangaa, nao wana haki yao. Mimi naona hivi: huzuni yako inaweza kungoja hadi Jumatano, majaribio hayangoji. Kila wiki inayopita bila karatasi, chuo kinakuhesabu kama mtoro. Vyuo vingi vinadai mahudhurio yasiyopungua asilimia 75 ndipo uingie chumba cha mtihani, na mwalimu mwenye wanafunzi mia tatu darasani hana namna ya kujua kwamba wewe uliyekosekana ulikuwa unamzika baba na mwenzako alikuwa Kirumba anaangalia mpira.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Wengi mnaiita "kwa Dini", kutoka neno la Kiingereza "Dean", na kila mwaka hutokea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akadhani ni ofisi ya kasisi. Huyu ndiye mlezi wako kwa mujibu wa taratibu za chuo. Makazi, afya, nidhamu, misiba, migogoro ya chumbani, vyote vinapita kwake, na neno lake kwa Mkuu wa Idara ni zito kuliko lako. Fika mapema kabla foleni haijajaa. Usiende mikono mitupu, maana watu waliofiwa huwa wanaingia, wanaanza kueleza, sauti inakatika, wanatoka bila kuacha chochote mezani. Nenda na barua iliyokwisha andikwa, nakala mbili. Waombe wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, wenye tarehe, nawe uondoke nayo.

Barua iwe fupi. Kama hivi:

"YAH: OMBI LA KUFANYA MAJARIBIO NILIYOKOSA KWA SABABU YA MSIBA

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili (andika). Nilifiwa na baba yangu mzazi tarehe (andika), nikasafiri kwenda Ukerewe kwa mazishi na kurejea chuoni tarehe (andika). Katika kipindi hicho nilikosa majaribio ya masomo matatu (yataje kwa namba za masomo, tarehe na majina ya waalimu). Sikutoa taarifa mapema kwa sababu ya hali niliyokuwa nayo, na kwa hilo naomba radhi. Naomba nipangiwe kuyafanya. Nimeambatisha kibali cha mazishi na barua ya Mtendaji wa Kijiji."

Basi. Usieleze baba aliuguaje, usiandike kurasa tatu. Ile sentensi ya kuomba radhi kwa kuchelewa iache ilivyo, kwa sababu kuchelewa ndicho kitu cha kwanza watakachokuuliza, na ukikitaja wewe mwenyewe unawamalizia swali.

Viambatisho ndivyo vinavyowaangusha wengi. Kibali cha mazishi pengine kiko kwa baba mdogo, kimekunjwa ndani ya Biblia au kwenye mfuko wa koti alilovaa siku ya maziko. Mpigie leo. Barua ya mtendaji iwe na muhuri wa kijiji na tarehe. Picha ya WhatsApp inafaa kwa kuanzia, ila ofisi itataka karatasi halisi, kwa hiyo mtafute ndugu au jirani anayevuka kwa meli ya Nansio akuletee bandarini Mwanza. Nasisitiza muhuri kwa sababu kuna kijana wa mwaka wa tatu aliyenipita mikononi hivyohivyo. Alifiwa na mama, barua yake ikarudishwa na ofisi ya chuo nilikokuwa wakati huo kwa sababu barua ya mtendaji aliyoiambatisha haikuwa na muhuri. Akaona aibu kuirudisha. Mimi nikadhani ameirudisha, sikumuuliza. Tulikutana tena matokeo yalipobandikwa, na mwaka wake ukawa umekwenda. Kosa lile nusu yake ni langu, na tangu siku hiyo sikubali mwanafunzi aniambie "nimepeleka barua" bila kunionyesha nakala iliyogongwa.

Tofautisha mambo mawili wanayoyachanganya wanafunzi. Jaribio au mtihani uliokosa kwa sababu inayokubalika na ukaandikiwa ruhusa, utaufanya kama mara ya kwanza, na alama utakazopata ndizo zako. Sapu ni kitu kingine: umefanya, umeshindwa, unarudia, na katika vyuo vingi hata ukipata alama zote utaandikiwa C. Mtu aliyekaa kimya baada ya msiba hujikuta kwenye sapu ambazo hakustahili, kisha anajiita mjinga. Vyuo vingi hugawa alama 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho. Ukiacha majaribio yapotee unaingia mtihani wa mwisho ukiwa na deni, na mtu asiyelala vizuri hana nguvu za kulipa deni la namna hiyo.

Tuje kwenye hela. Usijilaumu kwa bumu kwenda msibani. Ungefanyaje, mtoto wa kwanza, watu wamejaa uani wanasubiri ugali? Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Hiyo ni laki sita kwa siku 60, na jeneza, usafiri wa meli na sufuria za matanga havina huruma na laki sita. Hapohapo kwa Mshauri wa Wanafunzi sema wazi kwamba huna chakula. Usiseme "hali ni ngumu kidogo", kila mwanafunzi hali yake ni ngumu kidogo. Baadhi ya vyuo vina mfuko mdogo wa dharura, vingine havina, ila serikali ya wanafunzi mara nyingi huwa na fungu la misiba, na kiongozi wa darasa lako anaweza kupitisha mchango wa rambirambi kwa siku mbili kama bado hawajafanya. Vikundi vya dini navyo (TYCS, USCF, CASFETA, TAMSYA, kutegemea unaposali) vimewalisha wanafunzi wengi kimyakimya kuliko ofisi yoyote niliyowahi kukaa. Nimeona kijana akipikiwa zamu kwa zamu muhula mzima na wenzake wa kwaya, na hakuna aliyewahi kulisema.

Ada inataka akili ya kwenu. Ofisi ya uhasibu hukubali mpango wa kulipa kwa awamu ikiwa umeandikwa na una tarehe. Wengi hujaza tarehe 30 za kila mwezi, kana kwamba nyumbani kuna mshahara. Kwenu mnategemea dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikishika anga mitumbwi inakaa nchi kavu na mfuko wa mama unakauka. Chukua kalenda, zungushia siku za giza, hesabu na siku za kuanika na kuuza, halafu weka tarehe zako za malipo wiki inayofuata giza. Ahadi utakayoitimiza mara mbili mfululizo itakufungulia ya tatu. Kwanza lakini muulize mama kama mtumbwi umebaki kwa nani na nani anauendesha, kwa sababu misibani vitu hivyo huhama bila kelele.

Na cheti cha kifo kifuatilieni mapema, msiridhike na kibali cha mazishi. Kinatolewa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, kupitia ofisi za wilaya, na Bodi ya Mikopo hutaka kiwe kimehakikiwa na RITA kabla ya kumtambua mwombaji kama aliyefiwa na mzazi. Kama mkopo wako ulikuwa wa asilimia ndogo kwa kuwa baba alikuwa hai na ana mtumbwi, hali imebadilika, na hiyo ni hoja ya kupeleka kwa afisa mikopo wa chuo akuelekeze namna ya kuiwasilisha, ikiwemo dirisha la rufaa likifunguliwa. Mdogo wako akija kuomba naye mwakani, cheti hichohicho kitamfaa.

Ukishatoka na nakala yenye muhuri, ndipo uende kwa mnasihi, siku hiyohiyo kama nafasi ipo. Sitakueleza sana kinachofanyika humo kwa sababu si cha ajabu. Viti viwili, mlango umefungwa, dakika 45 au 50, mtu anakusikiliza bila kukuambia "jikaze". Hilo neno umelisikia mara ngapi tangu siku ya mazishi? Jikaze, wewe sasa ndiye baba. Watu hawana nia mbaya, ndivyo tulivyolelewa huku kwetu, kwamba mwanamume msibani ana kazi ya kuchimba kaburi na kuhesabu michango. Kazi ikiisha hakuna anayemuuliza. Wadogo zako walilia kwa mama siku zote za matanga. Wewe ulilia lini?

Kulala hadi saa saba, kukosa usingizi, kujilazimisha kwenda darasani, vyote vinatokea kwa aliyefiwa, na kwa wengi hupungua taratibu. Ila ikiwa karibu kila siku, kwa zaidi ya wiki mbili, huoni raha ya kitu chochote, hamu ya kula imekwisha na unajiona huna maana, hapo inaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wa kutibiwa kama malaria ilivyo. Mnasihi akikwambia upande Bugando kwenye kliniki ya afya ya akili usikasirike wala usifikirie Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Watu hutaja Mirembe kama tusi, na hofu hiyo imewaweka vijana wengi vyumbani. Kliniki ni kliniki: unakaa kwenye benchi, unaitwa jina, unaongea na daktari, unarudi zako Mkolani na daladala. Beba kitambulisho na kadi ya bima ya afya ya mwanafunzi, ile ambayo kwa miaka mingi mmekuwa mkiilipia shilingi 50,400 kwa mwaka na kulalamika kwamba hamuitumii.

   

Sasa, kuahirisha mwaka. Usiamue wiki hii. Kuahirisha kuna bei yake: masomo mengi hutolewa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo ukiondoka muhula huu utarudi muhula kama huu mwakani, posho ya Bodi husimama wakati haupo masomoni, na ukifika nyumbani utageuka mtu wa kazi za mtumbwini, watu waanze kukuuliza unarudi kweli au ndiyo basi. Nimewaona walioahirisha wakarudi wamepona, wakamaliza vizuri. Nimewaona pia waliozama katika kazi za nyumbani wakapotea. Walichotofautiana ni tarehe ya kurudi: wa kwanza waliondoka nayo ikiwa kwenye barua ya ruhusa, wa pili waliondoka na "nitaona".

Kwa barua uliyoniandikia, naona bado una nafasi ya kuuokoa muhula, mradi majaribio upangiwe na chakula kipatikane. Jipe wiki mbili. Ukipangiwa majaribio, ukaweza kukaa darasani siku nne kati ya tano na kulala walau usiku mwingi, endelea. Ikishindikana, rudi ofisini kwa Mshauri kabla mitihani ya mwisho haijaanza, ukiwa na barua ya mnasihi au daktari, uombe kuahirisha rasmi. Baada ya mtihani kuanza mlango huo huwa mgumu sana. Jambo moja tu nakukataza: kufungasha begi usiku na kupanda meli bila kuaga. Anayeahirisha kwa barua hurudi kwenye nafasi yake. Anayetoweka huhesabiwa ameacha masomo, anafutwa, na ninyi mnaita kudisko.

Katika kitabu cha mwongozo cha chuo tafuta sura ya kanuni za mitihani, usome kuhusu kutohudhuria na kuahirisha. Ni kurasa mbili au tatu. Piga mstari panapokuhusu, uende nacho Jumatatu. Karani wa ofisi hubadilika sauti akiona mwanafunzi ameshika kanuni mkononi.

Barua ikikataliwa, omba wakuandikie sababu, kisha niandikie tena na unitajie kifungu walichokukatalia nacho.